Upana wa Karatasi

Wakala alipokataa chai, Mama Tishu alijua habari si njema. Mdogo wake huyo, wakala wa kutoa mizigo forodhani, hakuwa mtu wa kukataa chai. Siku jino lilipomvimbisha shavu alikunywa kwa upande mmoja wa mdomo, kisha akaomba kikombe cha pili. Leo alikaa kwenye ncha ya kochi, begi lake jeusi mapajani, akitazama sakafu kama mtu aliyetumwa kuposa na hajui aanzie wapi.

"Mzigo umezuiwa," alisema.

Meneja aliacha kufunga vifungo vya shati. Meneja ni mume wa Mama Tishu. Majirani walimbandika jina hilo kwa utani, maana kiwanda alichokisimamia kilikuwa banda la mabati nyuma ya nyumba, lenye mashine moja ya kukunja leso za karatasi, na mfanyakazi pekee aliyekuwa chini yake ni mkewe. Leso zenyewe ni zile nyeupe za mezani, ambazo wenye mikahawa huzisimamisha kwenye glasi ili wateja wafute midomo. Utani ulimkaa vizuri, hata akawa anapokea simu kwa jina hilo.

"Umezuiwa na nani?"

"Forodha. Wanasema ushuru tuliolipa sio wenyewe. Wamebadilisha fungu."

"Fungu gani tena?"

"Kila kitu kinachoingia kina fungu lake, shemeji. Karatasi ndiyo usiseme. Kuna ya kuandikia, kuna ya kufungia, kuna ngumu ya maboksi, kuna hii yetu laini. Sisi tuliingiza magogo ya karatasi, yale yaliyoviringishwa, kama malighafi, kitu cha kwenda kiwandani. Ushuru wake mdogo. Wao wanasema hii si malighafi, ni bidhaa iliyokwisha tengenezwa. Na ushuru wa bidhaa..." Akapuliza pumzi. "Si mchezo."

"Karatasi ni karatasi!"

"Kwako wewe. Kwao karatasi ina ukoo na wajomba."

Meneja hakucheka. Aliketi, shati likiwa nusu wazi, akamwangalia shemeji yake kuanzia kichwani mpaka miguuni na kurudi.

"Mara ya kwanza si wewe uliyeandika malighafi, na ikapita?"

"Ikapita."

"Na safari hii umeandikaje?"

"Vilevile. Neno kwa neno."

"Basi kilichobadilika nini?"

"Sijui. Wamekagua mimi sipo. Nimeomba tuitwe wote tuuone mzigo kwa macho yetu. Ila kama tofauti ya ushuru haijalipwa, mzigo hautoki, na ukikaa sana utapigwa mnada."

"Hujui," alisema Meneja. "Kazi yako kujua, tunakulipa kwa kujua, na hujui."

Wakala alisimama, akamuaga dada yake bila kumtazama machoni, akaondoka. Kikombe chake kilibaki mezani. Mama Tishu alikitazama mpaka mvuke ukakatika, na moyoni aliomba kwamba mumewe asiseme lile ambalo aliona linakuja.

"Ameula," alisema Meneja.

"Ameula nini?"

"Ushuru. Amelipa nusu, nusu imeingia tumboni. Sasa forodha wamemshtukia, anatuletea hadithi za mafungu."

"Usimseme mdogo wangu hivyo."

"Sijamsema. Nimesema hela."

*

Kuanzia siku hiyo shaka ilihamia nyumbani kwao na kukaa kama mgeni aliyekuja na godoro lake. Meneja alikuwa hamalizi kula bila kulitaja jambo hilo. Mara mkaguzi amehongwa. Mara wakala na mkaguzi ni marafiki wa siku nyingi, wanagawana. Mama Tishu alipomkumbusha kwamba risiti ya malipo ya kwanza waliiona wote, Meneja alicheka kwa pua.

"Risiti! Sisi hapa tunatengeneza nini? Karatasi. Halafu unaniambia mimi habari za karatasi?"

Wifi naye akaja. Huyu ni dada mkubwa wa Meneja, fundi cherehani, na sehemu kubwa ya hela ya mzigo ilitoka kwake. Alifika mchana kweupe, kola yake imejaa pini, akakataa kuingia sebuleni. Alisimama mlangoni mwa banda, Mama Tishu akiwa anafagia mavumbi ya karatasi.

"Wifi, nimemwona mdogo wako."

"Wapi?"

"Kule benki. Amevaa viatu vipya."

"Viatu?"

"Vya ngozi. Akitembea kisigino kinalia ko, ko, ko. Mimi sisemi kitu, wifi yangu. Nimesikia tu kisigino."

"Mtu anaweza kununua viatu."

"Anaweza, kwa nini asiweze? Hata mimi napenda viatu. Ila mimi niliuza cherehani yangu ya pili ili ninyi mpate kuagiza mzigo, kwa hiyo nimebaki na hizi." Akanyanyua mguu kidogo, ndala ikaning'inia kwenye vidole. "Angekuwa ni huyu mdogo wangu, mumeo, amefanya hivyo, ningemkaba shati mbele za watu. Lakini kwako wewe ni damu. Nakuelewa."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomchoma Mama Tishu. Kutukanwa angevumilia. Kueleweka na wifi yake, kwa sauti ile ya kumwonea huruma, kulimfanya ajione kama mwizi aliyeachiwa kwa sababu ana mimba.

Wifi alipoondoka, Mama Tishu alirudi kwenye kazi. Lilikuwa limebaki gogo moja la karatasi kutoka mzigo wa kwanza, pana kuliko kitanda cha mtoto, na mdomo wa mashine yao ya kukunjia ulikuwa mwembamba. Kwa hiyo kila gogo lilipaswa kukatwa vipande kwa msumeno wa umeme kabla ya kupandishwa. Kazi hiyo ilikuwa yake. Alilisukuma gogo kwa bega la kulia, taratibu, msumeno ukilia kwa hasira na mavumbi meupe yakimkaa kwenye kope. Bega hilo lilikuwa limeshaanza kugoma. Kitana alikuwa akikishika kwa mkono wa kushoto, na jioni Meneja alimkanda kwa maji ya moto na mafuta, akimwambia maneno ya upole ambayo mchana hakuwa nayo. Lazima isemwe, Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu ikikaa na mtu muda mrefu humfundisha adabu mbovu.

Gogo lile lilipokwisha, wateja walianza kupiga simu. Mama Tishu alijikaza akaenda kwa mwenye ghala, yule waliyekuwa wakinunua kwake kabla ya kuagiza wenyewe, akaomba gogo moja la mkopo. Mwenye ghala alikuwa anakula karanga. Aliendelea kula.

"Si mmekuwa waagizaji siku hizi? Mimi mwenyewe nilitaka nije kununua kwenu."

Vijana wa kupakia wakacheka. Mama Tishu naye alicheka, maana alikuwa bado hajapata alichokifuata. Hakukipata.

Njiani kurudi alianza kukumbuka mambo. Hiyo ndiyo kazi ya shaka, haikuletei jipya, inakuchimbulia ya zamani. Alikumbuka mdogo wake akiwa mtoto, akikana kwamba alikula sukari, na sukari imemkaa kidevuni. Alikumbuka jinsi alivyoapa. Yeye ndiye aliyemlea, yeye ndiye aliyeuza pete zake ili asome kozi ya uwakala, na katika ukoo wao walikuwa wamebaki wawili tu. Kwa miaka yote ile habari ya sukari ilikuwa kichekesho cha nyumbani. Sasa aliisimulia upya kichwani, na haikumchekesha hata kidogo.

*

Wakala alirudi alasiri moja kuwaambia kwamba wameitwa bohari ya forodha kesho yake asubuhi, wote watatu. Meneja hakuwapo. Simu ya Wakala ililia, akatoka nje kuisikiliza, begi lake jeusi akaliacha kwenye kochi.

Mama Tishu alilitazama begi lile. Alisikia sauti ya mdogo wake dirishani, ikishuka chini, ikinong'ona, "Ndiyo... ndiyo, mkubwa... hilo nitalimaliza mimi." Mkubwa gani? Kumaliza nini? Aliinuka, akavuta zipu kidogo. Akavuta tena. Aliona chaja ya simu, shati lililokunjwa, nusu ya mkate ndani ya mfuko wa nailoni, makaratasi ya wateja wengine. Alizamisha mkono mpaka chini, akapapasa kila pembe. Alikuwa anatafuta bahasha yenye hela, ingawa angeulizwa angekana.

"Upande wa nyuma kuna mfuko mwingine," alisema Wakala.

Alikuwa amesimama mlangoni, simu ikiwa bado mkononi.

"Nilikuwa natafuta kalamu," alisema Mama Tishu.

"Kalamu ipo juu ya televisheni, dada. Hapo mbele yako."

Kweli, kalamu ilikuwepo. Wakala alisogea, akalichukua begi, akalifunga zipu polepole. Kisha akanyanyua mguu mmoja.

"Na viatu je? Nivue uangalie ndani? Maana nasikia navyo vimeshafika kwenye kikao."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje?"

Mama Tishu alitaka kuomba radhi. Neno lilimfika kooni. Lakini pamoja nalo lilikuja jingine, kwamba mtu aliyeiba naye hukasirika hivihivi, tena hukasirika zaidi. Akaichukua ile kalamu. Wakala aliona radhi haiji, akasema, "Kesho msichelewe. Afisa mwenyewe hapendi kusubiri." Akatoka.

*

Bohari ya forodha ilikuwa jengo refu lisilo na dari, lenye harufu ya mbao mbichi na plastiki iliyopigwa jua. Afisa aliyewapokea alikuwa mwanamke mnene wa makamo, kalamu sikioni, tepu ya kupimia imening'inia kiunoni kama funguo za mwenye nyumba. Hakuwauliza hali. Alitangulia, wao wakamfuata mmoja nyuma ya mwingine, hakuna aliyetaka kutembea sambamba na mwenzake.

"Mzigo wenu huo," alisema.

Mama Tishu alitazama, akadhani wameonyeshwa mzigo wa mtu mwingine. Magogo aliyoyazoea yalikuwa yanamfika kifuani yakisimamishwa. Haya yalikuwa mafupi, manene kwa mzingo lakini mafupi kwa kimo, yamepangwa juu ya mbao, moja juu ya jingine, yote yana plastiki safi na ncha zilizonyooka kabisa. Yangepanda kwenye mashine yao vile yalivyo.

"Hii siyo," alisema Wakala. Alizunguka rundo, akasoma alama, akarudi. "Alama ni zetu. Lakini hii imekatwa. Nani ameikata?"

Afisa alivuta tepu, akaipitisha kwenye gogo moja. "Thelathini. Mpaka ni sentimita thelathini na sita. Karatasi laini ya namna hii, gogo likizidi hapo, ni malighafi. Likiwa chini ya hapo, kwetu hiyo ni tishu, sawa na ya dukani. Kazi imeshafanyika huko ilikotoka, kwa hiyo ushuru wake ni wa bidhaa."

"Lakini haijakunjwa!" Meneja alipaza sauti. "Mama, hilo ni gogo. Hata mdomo huwezi kufutia!"

"Ukichana kipande utafuta," alisema afisa. "Sikuitunga mimi sheria. Mimi napima."

Akaenda kwenye meza yake, hatua chache pembeni, akaanza kupanga makaratasi. Wakala alimfuata, akawa anaongea naye kwa sauti ya chini, mikono ikieleza. Mama Tishu alibaki na mumewe. Meneja alikuwa ameegemea rundo, uso umemshuka.

"Ni mimi," alinong'ona.

"Ni wewe nini?"

"Niliwapigia kule kiwandani tulikoagiza. Niliongeza hela wakate hukohuko, saizi ya mashine yetu. Nilikwambia bei imepanda. Haikupanda." Alilitazama bega la mkewe. "Lile bega lako. Nilikuwa nakusikia unavyogeuka kitandani. Nikasema huyu mwanamke hatashika tena ule msumeno. Nilitaka mzigo ufike, ufungue mwenyewe, uone. Sikumwambia mtu. Wallahi sikumwambia mtu yeyote, hata dada."

Mama Tishu hakujua acheke au alie. Hasira ilimpanda na mapenzi yakampanda, yote kwa ngazi moja. Kwa hiyo hapakuwa na mwizi. Hakukuwa na mkaguzi aliyehongwa wala ushuru ulioliwa. Kulikuwa na mume aliyetaka kumpumzisha mkewe bega, akaligeuza gogo kuwa tishu bila kujua. Na wakati wifi anasimulia visigino, na wakati Meneja anacheka kwa pua juu ya risiti, huyuhuyu alikuwa anajua kwamba mzigo si uleule. Pengine hakuunganisha mambo. Mama Tishu alimtazama, akajaribu kuamini kwamba hakuunganisha.

Lau mambo yangeishia hapo, wangerudi nyumbani maskini lakini wameshikana mikono.

"Njooni hapa," aliita afisa. "Kuna jambo la pili. Tofauti ya ushuru mtalipa, hiyo haina mjadala. Lakini tamko lililoletwa limesema magogo mapana, na magogo si mapana. Hilo ni tamko la uongo, na lina faini yake. Nataka kujua ni uongo wa nani. Kama wakala aliambiwa kwamba mzigo umekatwa, akaandika mapana, faini ni yake na leseni yake naifungia leo. Kama mwenye mzigo hakumwambia, faini ni ya mwenye mzigo. Nani aliagiza ikatwe?"

"Mimi," alisema Meneja.

"Wakala ulimwambia?"

Mama Tishu aliona jicho la mumewe likienda kwenye rundo la karatasi, likirudi mezani.

"Nilimwambia," alisema Meneja.

Wakala aligeuka. "Lini, shemeji?"

"Kwenye simu. Umesahau. Una wateja wengi."

"Shemeji, nitazame. Uliniambia lini?"

"Nimesema kwenye simu!" Sauti ya Meneja ilipasuka. Alimtazama afisa, alitazama paa, kila mahali isipokuwa pale alipoitwa. "Mimi nimefanya wajibu wangu, nikamwambia. Akaandika alivyotaka. Watu hawa wana mambo yao."

Wakala alitoa kitambaa, akajifuta shingo. Mama Tishu alitegemea kwamba atapiga kelele, ataapa kama siku ile ya sukari. Hakuapa. Alisimama tu, kama mtu ambaye kiti alichokuwa anakitegemea kimeshaondolewa na yeye ameshaliona hilo mapema.

Afisa alitoa kalamu sikioni. "Biashara imesajiliwa kwa jina la nani?"

"Langu," alisema Mama Tishu. Alikwenda yeye kuisajili kwa kuwa Meneja alikuwa safarini, na jina likabaki.

"Basi wewe ndiye mwenye mzigo. Maelezo yako ndiyo nayaandika. Wakala aliambiwa, au hakuambiwa?"

Meneja alimwekea mkewe mkono begani, lile bega bovu, taratibu, vile alivyozoea kulikanda. Hakulibana. Mkono ulikuwa na joto. Mama Tishu aliijua faini maana yake nini. Nusu ya mzigo ingeuzwa kwa mwenye ghala, kwa bei atakayoitaja yeye huku anatafuna karanga. Wifi asingeiona cherehani yake tena, na asingeacha kulisema jambo hilo mpaka siku ya kuzikana. Na neno moja tu, "aliambiwa," lingeyaondoa yote hayo. Mdogo wake alikuwa kijana bado, angepata kazi nyingine. Alijikuta anafikiri hivyo kabisa, tena kwa utulivu, na akajiogopa.

"Hakuambiwa," alisema.

"Mama Tishu," alisema Meneja.

"Una uhakika?" aliuliza afisa. "Mumeo amesema hapa mbele yetu."

"Hakumwambia. Hata mimi hakuniambia. Alitaka kunishangaza." Aligeuka kuonyesha magogo. "Ameniambia sasa hivi, pale kwenye rundo, kwamba hakumwambia mtu yeyote. Ameapa."

Mkono uliondoka begani.

Afisa aliandika. Hakuonyesha kushangaa wala kufurahi. Pengine mambo ya namna hiyo aliyaona kila wiki. Alisukuma karatasi mbele, akaonyesha kwa kidole mahali pa kutia saini. Mama Tishu alitia saini. Mkono wa kulia ulimuuma toka bega mpaka kwenye kidole gumba.

"Umenivua nguo mbele za watu," alisema Meneja, si kwa ukali. Alisema kama mtu anayesema tu kwamba kuna baridi. "Kwa ajili yake. Mimi niliyafanya yote kwa ajili yako, na wewe umenivua nguo kwa ajili yake."

"Najua uliyafanya kwa ajili yangu."

"Basi?"

Mama Tishu alimrudishia afisa kalamu yake. Meneja akatoka kwenda kutafuta gari.

*

Nje ya geti jua lilikuwa kali na malori yamepanga foleni. Wakala alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta, begi begani, akiandika kitu kwenye simu. Dada yake alipomkaribia aliinua kichwa.

"Nimekutumia namba," alisema. "Ni wakala mwenzangu, mtu wa kazi. Atakutolea mzigo. Mpigie leo, usingoje kesho, gharama za bohari zinapanda."

"Kwa nini usiutoe wewe?"

"Sitaweza, dada."

"Leseni yako haijaguswa. Nimesema ukweli."

"Umesema. Ahsante." Alisema kwa dhati, na hilo ndilo lililomtisha Mama Tishu. Angekuwa na kinyongo angejua namna ya kumbembeleza, alimbembeleza tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. "Nimekusikia vizuri. Najua imekugharimu."

"Basi yaishe. Njoo nyumbani. Nitapika, tutakaa, tutaongea. Meneja nitamweka sawa."

Wakala alitia simu mfukoni. "Nikuulize kitu kimoja. Jana, ulipokuwa na mkono ndani ya begi langu. Ulikuwa unaamini nini?"

Palikuwa na njia nyingi za kulijibu swali hilo, na Mama Tishu alizijua zote. Angeweza kusema alichanganyikiwa. Angeweza kumtupia wifi, au mumewe. Lakini alikuwa ameshasema kweli mara moja asubuhi ile, na mdomo ulikuwa umeshazoea uchungu wake.

"Niliamini umekula," alisema.

"Na leo?"

"Leo nimeona hukula."

Wakala aliitikia kwa kichwa polepole, kama mteja anayesomewa bei ambayo alishaikadiria.

"Leo umeona," alisema. "Hata yule afisa ameona, dada. Na yeye si ndugu yangu."

Lori lilipita kati yao na barabara, likapiga honi, vumbi likatimka. Vumbi liliposhuka Wakala alikuwa ameshavuka upande wa pili, anatembea kwa haraka ya kawaida, ya mtu mwenye wateja wengine wa kuwahudumia. Mama Tishu alifungua mdomo amwite arudi, akakosa la kumwambia endapo angegeuka.